DISKI YA KUBEBEA KAZI: KIKUNDI KINUNUE IPI?

Zamani kikundi cha kujisaidia kikisema "tununue kitu cha pamoja," watu walifikiria tangi la maji, mizinga ya nyuki, cherehani, au sufuria kubwa na viti vya kukodisha wakati wa arusi. Vitu hivyo bado vinanunuliwa. Lakini siku hizi, tukitembelea vikundi huku Machakos, kuanzia Kathiani na Kangundo hadi Mwala na Masinga, tunakuta pia kamera, simu nzuri ya kupigia video, na laptopu iliyofungiwa kabatini pamoja na kitabu cha hesabu. Vijana wanapiga video za arusi na za matanga. Kwaya zinarekodi nyimbo. Kina mama wanaosuka vyondo, na wachongaji wa Wamunyu, wanapiga picha za kazi zao ili mnunuzi aliye mbali azione.

Basi swali linakuja: kazi hiyo yote tuiweke wapi? Simu imejaa. Laptopu imejaa. Mtu anafuta picha za mwaka jana ili apate nafasi ya harusi ya Jumamosi. Halafu mwanakikundi mmoja anasema amesikia kuna diski ndogo, ya kuingia mfukoni, yenye kasi sana, inaitwa SSD. Mwingine anasema ameiona kwa bei ya chini mno. Mweka hazina anauliza: ni kweli tunaihitaji, au ni mambo ya vijana tu?

Tumeandika makala hii kujibu swali hilo la mweka hazina. Maneno yetu makubwa ni mawili. La kwanza: kasi ya kazi yenu haitoki kwa diski peke yake, inatoka kwa kiungo kilicho polepole kuliko vyote. La pili: pesa za diski zigawanywe mara mbili, diski ya kufanyia kazi na diski ya nakala. Kikundi kinachomaliza pesa zote kwa diski moja ya kasi, hata ikiwa nzuri namna gani, bado hakijalinda kazi yake.

DISKI HII NI KITU GANI?

Kuna namna mbili za diski za kubeba. Ya kwanza ni ile ya zamani, ambayo ndani yake kuna sahani zinazozunguka maelfu ya mara kwa dakika, na mkono mdogo unaokwenda huku na huku juu ya sahani ukisoma na kuandika. Sisi tutaiita diski ya kuzunguka. Ni ya bei nafuu kwa nafasi inayotoa. Ubaya wake ni kwamba ikianguka wakati inafanya kazi, ule mkono unaweza kugusa sahani, na hapo kazi yote inaweza kupotea. Pia ule mkono ukitakiwa kusoma faili nyingi zilizo mahali mbalimbali, unakwenda mbio huku na huku na kazi inakuwa polepole.

Ya pili ndiyo SSD. Haina kitu kinachozunguka. Ndani yake kuna vipande vya elektroniki vinavyoweka kumbukumbu kwa chaji ya umeme, ndugu wa vile vilivyo ndani ya simu, memori kadi na flashi. Kumbukumbu ya aina hiyo iliundwa na Fujio Masuoka, mhandisi wa kampuni ya Toshiba huko Japani, katika miaka ya 1980. Kwa kuwa hakuna mkono wa kwenda na kurudi, SSD inasoma faili haraka popote zilipo, haipigi kelele, na ikianguka kutoka mezani kwa kawaida haidhuriki kama ile nyingine. Kwa kikundi kinachosafiri na vyombo vyake kwa bodaboda au matatu, jambo hilo si dogo.

KWANZA TUJIULIZE: KAZI YETU NI IPI?

Kabla ya kuuliza bei, ulizeni kazi. Tuchukue vikundi vitatu vya mfano.

Kikundi cha kwanza ni cha kina mama wa vyondo. Wanapiga picha kwa simu. Picha moja ya simu mara nyingi ni megabaiti 3 hadi 5. Wakiwa na picha 2,000 za megabaiti 5, hizo ni gigabaiti 10 tu. Kikundi hiki hakihitaji SSD ya kasi. Flashi mbili nzuri, zenye picha zilezile, zikikaa katika nyumba mbili, zinatosha. Pesa inayobaki inunue mkonge na rangi.

Kikundi cha pili ni kwaya. Tuseme wanarekodi sauti kwa mikrofoni 16 kwa wakati mmoja, kila mikrofoni na njia yake, kwa kiwango kinachotumika sana na mafundi wa sauti (mara 48,000 kwa sekunde, biti 24). Kila njia inachukua karibu megabaiti 8.6 kwa dakika. Njia zote 16 kwa saa moja ni kama gigabaiti 8. Hapo SSD ya kawaida ni msaada mkubwa, kwa sababu kompyuta inasoma njia 16 kwa pamoja bila kukwama. Lakini haihitaji kuwa ile ya kasi ya juu kabisa.

Kikundi cha tatu ni vijana wa video. Hawa ndio wenye mzigo. Kamera nyingi zinazopiga video ya 4K huandika megabiti 100 kwa sekunde. Angalieni hapa: megabiti si megabaiti. Biti 8 zinafanya baiti 1. Kwa hivyo megabiti 100 ni megabaiti 12.5 kwa sekunde, ambayo kwa saa moja ni gigabaiti 45. Kamera mbili zikipiga saa mbili kila moja kwenye arusi, mnarudi nyumbani na gigabaiti 180. Diski ya terabaiti 1, yaani gigabaiti 1,000, itabeba arusi tano za namna hiyo, na itakuwa karibu kujaa.

Kwa hivyo kikundi cha kwanza kinaweza kuacha kusoma hapa, isipokuwa sehemu ya nakala na ya ulinzi mwishoni. Wa pili na wa tatu tuendelee pamoja.

PAMPU KUBWA, MPIRA MWEMBAMBA

Kila mtu aliyewahi kuteka maji anajua jambo hili. Ukinunua pampu kubwa lakini mpira ni mwembamba, mtungi unajaa kwa mwendo wa mpira. Ukibadilisha mpira lakini bomba la mwisho ni dogo, mtungi unajaa kwa mwendo wa bomba. Diski ni hivyo hivyo. Kazi inatoka kwenye memori kadi, inapita kwenye kisomea-kadi, inaingia kwenye laptopu, inatoka kwa tundu la USB, inapita kwenye waya, ndipo inafika kwenye diski. Kiungo kimoja kikiwa polepole, vyote vinamngojea yeye.

Tufanye hesabu na zile gigabaiti 180 za arusi, tukihamisha kutoka laptopu hadi diski ya nje. Nambari hizi ni za kukisia kwa kazi ya kila siku, si zile za kwenye matangazo:

- Diski yoyote kwenye tundu la zamani la USB 2.0, kama megabaiti 35 kwa sekunde: karibu saa moja na dakika 25.
- Diski ya kuzunguka kwenye tundu la USB 3, kama megabaiti 110 kwa sekunde: dakika 27.
- SSD nzuri kwenye tundu la USB 3 la gigabiti 5, kama megabaiti 400 kwa sekunde: dakika 7 na nusu.
- SSD hiyo hiyo kwenye tundu la gigabiti 10, kama megabaiti 900 kwa sekunde: dakika 3 na kidogo.

Mmeona? SSD ileile, iliyonunuliwa kwa pesa zilezile, inaweza kuchukua dakika 3 au zaidi ya saa moja. Tofauti ni tundu lililochomekwa.

Sasa angalieni jambo jingine. Hesabu hiyo inadhani laptopu yenyewe inaweza kutoa kazi kwa kasi hiyo. Kama ndani ya laptopu yenu bado kuna diski ya kuzunguka, itatoa karibu megabaiti 100 kwa sekunde tu. Na kama mnatoa kazi kwenye memori kadi ya kawaida ya kamera, nyingi husoma kama megabaiti 90 kwa sekunde. Hapo zile gigabaiti 180 zitachukua kama dakika 33, hata mkinunua diski ya kasi kuliko zote duniani. Diski itakaa hapo ikingojea kadi.

Mtu atauliza: sasa faida ya SSD iko wapi? Faida iko wakati wa kuhariri. Mkishamwaga kadi, fungueni kazi hapo hapo kwenye SSD ya nje na muihariri bila kuihamisha kwa laptopu. Kamera mbili kwa pamoja zinahitaji megabaiti 25 tu kwa sekunde, lakini programu ya kuhariri inaruka kutoka sehemu hadi sehemu, mbele na nyuma, video na sauti. Kuruka huko ndiko kunakochosha diski ya kuzunguka, na ndiko SSD inakofanya bila shida. Hata laptopu ya zamani yenye diski ndogo inapumua ikipewa SSD ya nje ya kufanyia kazi.

MANENO YA KWENYE BOKSI

Ukienda madukani, iwe mjini Machakos au Luthuli Avenue kule Nairobi, boksi litakuwa na nambari kubwa. Tuzisome pamoja.

"Hadi megabaiti 1,050 kwa sekunde." Neno la kuangalia ni hilo "hadi." Maana yake ni kwamba ikipata tundu zuri, waya mzuri na faili kubwa, itafika hapo. Diski za aina hii zinahitaji tundu la gigabiti 10. Samsung T7, iliyotoka mwaka 2020, ni ya kundi hili. Ndugu yake T7 Shield, iliyotoka mwaka 2022, ina gamba la mpira na kinga dhidi ya vumbi na maji ya kurushiwa. Crucial X9 Pro, ya mwaka 2023, pia ni ya kundi hili. Kwa kwaya na kwa vijana wa video za 4K, kundi hili linatosha kabisa.

"Hadi megabaiti 2,000 kwa sekunde." Samsung T9, ya mwaka 2023, ni mfano. Kasi hiyo inatoka tu kwenye tundu la gigabiti 20 la namna fulani ambalo laptopu nyingi hazina. Ukiichomeka kwenye tundu la gigabiti 10, inarudi kuwa kama ile ya 1,000. Ni kama kulipia lori la tani kumi na barabara ya kwenu inapitisha pikapu tu. Na zile za megabaiti 3,000 na zaidi zinataka laptopu mpya zenye USB4 au Thunderbolt.

"IP65." Nambari ya kwanza ni vumbi, ya pili ni maji. 6 maana yake vumbi haliingii. 5 maana yake inastahimili maji ya kurushwa kwa mpira. Haimaanishi muitumbukize kwenye beseni. Kwa vumbi letu la kiangazi, alama hii ina maana.

"Terabaiti 1." Mkiichomeka kwenye Windows mtaona inaandika kama gigabaiti 931. Msiende kugombana na mwenye duka. Mtengenezaji anahesabu kwa 1,000 na Windows inahesabu kwa 1,024. Hakuna kilichoibwa.

Jambo moja haliandikwi kwa herufi kubwa. SSD nyingi zina sehemu ndogo ya kasi ya kupokea mzigo, kama veranda ya kuwekea magunia kabla ya kuyaingiza ghalani. Veranda ikijaa, kasi inashuka. Zile za bei ya chini hushuka sana, wakati mwingine hata chini ya diski ya kuzunguka. Diski ikikaribia kujaa mambo yanakuwa mabaya zaidi. Kwa hivyo acheni nafasi, kama sehemu moja kwa tano, na msingoje mpaka ijae pomoni.

MAMBO YA KUANGALIA KABLA YA KULIPA

1. Tundu la laptopu yenu. Laptopu nyingi za mtumba zinazoletwa kutoka Ulaya zina tundu la USB 3 la gigabiti 5. Mara nyingi ndani yake kuna ulimi wa rangi ya buluu, au kando yake pameandikwa SS. Ulimi mweusi au mweupe mara nyingi ni USB 2.0. Rangi si sheria, kwa hivyo andikeni modeli ya laptopu kwenye karatasi na kijana wenu aiangalie kwenye mtandao kabla hamjatoka nyumbani.

2. Waya. Huu unadanganya wengi. Waya wa tundu la mviringo, ule wa USB-C, unaweza kuwa wa kuchaji simu tu na ndani yake upitishe kazi kwa mwendo wa USB 2.0. Tumieni waya uliokuja na diski, muuandike jina, na usiazimwe mtu wa kuchaji simu.

3. Simu. Simu nyingi za Android zinasoma diski ya nje, lakini za bei ya kati nyingi zina mwendo wa USB 2.0 hata kama tundu ni la mviringo. Umbo la tundu halionyeshi kasi yake. Tangu mwaka 2023, iPhone 15 Pro inaweza hata kurekodi video moja kwa moja kwenye SSD. Jaribuni na simu yenu pale pale dukani.

4. Namna ilivyofomatiwa. Kama kikundi kina Windows na fundi wa nje ana Mac, fomatini diski kwa exFAT. Zote mbili zitasoma na kuandika. Namna ya zamani, FAT32, haipokei faili moja inayozidi gigabaiti 4, na video ya arusi inapita hapo haraka. Kumbukeni kufomati kunafuta kila kitu.

5. Dhamana na risiti. Diski nzuri huwa na dhamana ya miaka 3, nyingine 5. Risiti iandikwe jina la kikundi, si la mtu. Lakini eleweni dhamana inarudisha diski tu. Haiwezi kurudisha arusi ya mtu.

Bei hatukuitaja, kwa sababu inapanda na kushuka na karatasi hii itasomwa miezi mingi. Ulizeni maduka matatu, muandike, kisha mweka hazina alete bei zote tatu kwenye mkutano.

KIZURI CHAJIUZA

Sasa tuje kwa ile diski ya bei ya chini mno. Mtaona vitu vidogo vimeandikwa terabaiti 16, au hata 30, vikiuzwa kwa bei ambayo haiwezi kununua terabaiti 1 ya kweli. Hizo ni bandia. Ndani kuna memori kadi ndogo iliyogundishwa, na imefundishwa kudanganya kompyuta kwamba ni kubwa. Mkiichomeka, kompyuta inaonyesha nafasi tele. Mnaweka kazi, majina ya faili yanaonekana. Lakini ikishapita uwezo wake wa kweli, inatupa kazi mpya au inaandika juu ya ile ya zamani. Mtagundua siku bibi arusi anakuja kuchukua video yake.

Njia ya kuijua ni moja: ijazeni yote, halafu isomwe yote. Kuna programu za bure za kazi hiyo, H2testw kwa Windows na F3 kwa Mac na Linux. Zinaandika mpaka diski ijae kisha zinasoma na kuhakikisha kila kitu kimerudi sawa. Ikiwa ni terabaiti 1 inaweza kuchukua saa kadhaa. Fanyeni hivyo wiki ya kwanza, kabla ya kuweka kazi yoyote, wakati mwenye duka bado anawakumbuka.

Wala jina kubwa si bima. Mwaka 2023 wanunuzi wengi nchi za nje walilalamika kwamba baadhi ya SSD za SanDisk Extreme zilikatika ghafla na kupoteza kazi, na kampuni yenyewe, Western Digital, ikatoa marekebisho ya programu kwa modeli kadhaa mwezi Mei mwaka huo. Hatusemi jina hilo lisinunuliwe. Tunasema hakuna diski, ya kampuni yoyote, iliyoapa kwamba haitakufa. Na SSD ikifa, mara nyingi haitoi dalili. Diski ya kuzunguka inaweza kuanza kugonga-gonga ukajua. SSD leo inafanya kazi, kesho haionekani.

DISKI MOJA SI AKIBA

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya namna hii huoza. Chaji iliyo ndani ya SSD inavuja polepole diski ikikaa muda mrefu bila umeme, na joto linaongeza kuvuja huko. SSD ni jembe la kazi, si ghala. Isifungiwe sandukuni miaka miwili mkidhani mtaikuta ilivyokuwa.

Watu wa Machakos tunajua thamani ya picha iliyotunzwa. Mwaka 1937 afisa mmoja wa serikali ya kikoloni, R. O. Barnes, alipiga picha za vilima vya Ukambani vilivyoliwa na mmomonyoko wa udongo. Zaidi ya miaka hamsini baadaye, watafiti walirudi sehemu zilezile wakapiga tena. Mwaka 1994, kitabu cha Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki kiliziweka kando kwa kando: pale palipokuwa na makorongo na udongo mtupu, sasa pana matuta na miti, kazi ya mikono ya watu, na nyingi ilifanywa kwa mwethya. Kitabu hicho kilisomwa nchi nyingi. Bila zile picha za kwanza, nani angeamini vilima vilikuwaje? Picha mnazopiga leo za bwawa la mchanga, la shamba la mfano, la wazee wakiimba, ni picha za namna hiyo kwa wajukuu.

Basi fuateni kanuni hii, ambayo mafundi wa kumbukumbu huiita tatu-mbili-moja. Nakala 3 za kila kazi ya maana. Zikae katika vyombo vya aina 2. Na 1 ikae mbali na nyingine, nyumba nyingine kabisa. Kwa kikundi chetu inaweza kuwa hivi: SSD ya kuhariria, diski ya kuzunguka ya bei nafuu inayokaa kwa mweka hazina au katika kabati la ofisi ya parokia, na ile video iliyokamilika kwenye mtandao au kwa mwenyewe aliyeilipia.

Ndiyo maana tulisema pesa zigawanywe. Kama zinatosha SSD ya terabaiti 2 peke yake, nunueni ya terabaiti 1 pamoja na diski ya kuzunguka ya nakala. Na kadi ya kamera isifutwe mpaka nakala mbili zimefunguliwa na kuonekana ziko sawa. Kuona jina la faili hakutoshi, ichezeni mwanzo, katikati na mwisho.

Kila miezi mitatu au minne, chomekeni diski zote, hata za nakala, mfungue faili chache. Wekeni siku hiyo kwenye kalenda ya kikundi, kama mnavyoweka siku ya mzunguko.

ULINZI WAKE KIKUNDINI

Diski ni ndogo kuliko simu. Kupotea ni rahisi, na kugombaniwa ni rahisi zaidi. Tunashauri hivi:

- Iandikwe kwenye kitabu cha mali ya kikundi, na nambari yake ya kiwandani.
- Kuwe na daftari: nani ameichukua, siku gani, kwa kazi gani, ameirudisha lini.
- Iwekwe neno la siri, ikiwa ina uwezo huo. Neno hilo wajue viongozi wasiopungua wawili. Viongozi wakibadilika, likabidhiwe kwenye mkutano kama funguo za stoo.
- Isitolewe kwa kuvutwa. Kwanza iambieni kompyuta iitoe kwa salama, hasa ile ya exFAT. Laptopu yenye betri iliyokufa isitumike kuhamisha kazi, maana stima ikipotea katikati, faili zinaharibika.
- Isiachwe kwenye gari lililofungwa juani. Ikipata joto sana inapunguza kasi yenyewe.
- Ukifuta faili kwenye SSD, mara nyingi hairudi, hata kwa fundi hodari. Kufuta kufanywe na watu wawili wakiwa pamoja.

Tena kuna heshima ya watu. Picha na video za watu si mali yenu ya kufanya mtakavyo. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data, ya mwaka 2019, inazilinda. Mwombeni mtu ruhusa, na kwa mtoto mwombeni mzazi au mlezi wake. Video ya matanga isianze kuzunguka kwenye simu za watu kwa sababu diski iliazimwa ovyo.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kazi yetu ya mwezi mmoja ni gigabaiti ngapi? Tuhesabu pamoja kwa kutazama simu na kamera zetu.
2. Katika safari ya kazi kutoka kadi hadi diski, kiungo chetu cha polepole ni kipi: kadi, tundu, waya, laptopu au diski? Je, tunaweza kukibadilisha kwa pesa kidogo kabla ya kununua diski?
3. Laptopu yetu ikiibiwa usiku wa leo, tutapoteza kazi gani? Ni ya nani?
4. Ni nani atakayetunza diski ya nakala, katika nyumba ipi, na nani atamkumbusha kuichomeka?
5. Kwa pesa tulizo nazo, je, kuna kitu kingine kinachohitajika zaidi mwaka huu?